Magugu Mawili ya Rangi Moja

Ugomvi wetu ulianzia gatini Malindi, enzi rafiki yangu Mwalimu alipokuwa bado anafundisha sayansi kwetu. Ilikuwa jioni ya mwezi wa tano. Bara kulikuwa kumenyesha wiki nzima, na bahari mbele yetu, kutoka upande wa Mambrui hadi karibu na nguzo ya Vasco da Gama, ilikuwa imegeuka chai ya maziwa. Mimi, mjukuu wa mvuvi, nikaanza kulalama kama tunavyolalama wote pale: watu wa bara wametuletea uchafu wao tena. Mwalimu, ambaye kwao ni Mundika, mwendo mfupi kabla ya kufika mpaka wa Busia, alinyamaza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Ndugu yangu, huo si uchafu. Hilo ni shamba la mtu."

Nilichukia. Ukweli huuma zaidi ukisemwa na mtu aliyetoka kula samaki wako.

Alipostaafu akarudi kwao, na kila msimu wa mvua akawa ananitumia ujumbe ule ule kwa simu: "Njoo uone mashamba yanavyohama." Nilimjibu mara moja kwamba mto wao, Sio, haumwagi maji Malindi hata kwa bahati mbaya. Akaandika: "Mito yote ina tabia moja." Juni iliyopita nikafunga halua na achari kwenye mkoba, nikaenda.

Njia sitaisimulia, isipokuwa mahali pamoja. Basi lilipovuka daraja la mto Athi, kabla ya kuingia Nairobi, nilichungulia dirishani kutazama maji. Mto ule ndio wetu. Pale unaitwa Athi, ukipita Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu unaitwa Sabaki, na mto Nairobi, pamoja na kila kinachotupwa ndani yake na mji wa mamilioni ya watu, humwaga maji humo. Nimezaliwa na kukulia mdomoni mwa mto huo, na sikuwahi kuutazama usoni.

Mtu wa pwani akishuka Mundika, kitu cha kwanza anachokosa ni upeo. Kwetu jicho likichoka hupumzika baharini. Huku jicho halipati nafasi: mahindi, muhogo, miwa, migomba, miembe mikubwa yenye vivuli vya kufanyia mikutano, na katikati yake mapaa ya mabati na vijia vya udongo mwekundu. Barabarani malori yanayokwenda Uganda yanapita usiku na mchana, na watu wa hapa hulala kwa sauti yake kama sisi tunavyolala kwa sauti ya mawimbi.

Nilimwamkia mama yake Mwalimu, ambaye kila mtu humwita kukhu, yaani nyanya. "Shikamoo," nikasema. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeanza kukohoa. "Mulembe," akanifundisha, akanishika mkono, na hakuuachilia mpaka alipomaliza kuniuliza habari za watoto, mvua na ng'ombe. Nikamwambia sina ng'ombe. Jambo hilo lilimsikitisha kuliko umbali wote niliosafiri.

Usiku huo alichinjwa kuku. Ugali ulikuwa wa wimbi na muhogo, mweusi kiasi, mzito, wa kumegwa kwa nia. Pembeni mrenda unaoteleza. Firigisi, ambayo Waluhya huiita imondo, ililetwa mbele yangu peke yake kwenye kisahani, kwa maana haiwi ya mtu yeyote ila mwenye nyumba au mgeni wake. Nikaila kwa adabu huku nikiona macho ya wajukuu yakiisindikiza. Kukhu hakugusa kuku. Alikua katika zama ambazo mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala yai, na ingawa marufuku hiyo imekufa, ulimi wake haujaarifiwa. Mkwewe, mke wa Mwalimu, alichukua paja zima mbele ya wote na kulitafuna bila haraka. Miaka sitini iliyopita paja hilo lingeitisha kikao cha wazee.

Kukhu alikula ugali wake na samaki watatu wakavu, wadogo kama kidole. "Fulu," akasema. "Zamani hawa ni chakula ya watoto. Ukienda ziwa unarudi na kikapu. Sasa nanunua kwa kuhesabu."

* * *

Asubuhi tukaenda shambani kwake. Ni ekari moja na ushee, imeinama taratibu kuelekea mtoni. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu, lakini yalikuwa mafupi, ya manjano, yamejikunja kama watu wenye homa. Miguuni mwake kulikuwa na maua madogo ya zambarau, mengi, yamesimama wima, yanapendeza kweli. Nikayasifu.

Walicheka mpaka kukhu akaketi chini.

"Hiyo ndiyo kayongo," Mwalimu akasema, akang'oa mche mmoja. Kayongo ni jina la Waluo lililoenea huku. Mimi nilikuwa nimelisoma vitabuni kwa jina la kiduha. Mzizi wake haujitafutii riziki. Unajishika kwenye mzizi wa mahindi chini ya ardhi na kuyanyonya, na kufikia siku unapoona ua, wizi umekwisha kufanyika wiki nyingi zilizopita. Mche mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi la ugoro, nazo hukaa udongoni miaka na miaka zikisubiri mahindi mengine. Na jambo ambalo sikulijua ni hili: gugu hili hustawi zaidi penye udongo uliochoka. Shamba lenye rutuba huweza kulivumilia. Shamba lililokonda halina la kulijibu.

"Na mbolea je?" nikauliza.

Kukhu akatoa kisoda mfukoni mwa leso yake, kile kifuniko cha chupa ya soda, kimepigwapigwa kikawa bapa kidogo. Ndicho kipimo. Kisoda kimoja cha DAP kila shimo, mbegu, udongo kidogo, unaendelea. Anaijua hesabu ya gunia kwa visoda kuliko ninavyojua mimi hesabu ya mshahara wangu. Septemba 2022 serikali ilipoteremsha gunia la kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500, alifuata foleni mwenyewe. Alipanda. Ilipofika siku ya nne ikaja mvua.

"Mvua ya zamani ilikuwa inaingia kama mgeni," akasema. "Inapiga hodi. Hii ya sasa inaingia kama askari."

Mwalimu hakuweza kujizuia, ualimu haustaafu. Alichuchumaa akachora kwa kidole. Mbolea ile ina vitu viwili vikubwa. Nitrojeni huyeyuka upesi na kwenda na maji. Fosforasi tabia yake ni nyingine: hung'ang'ania chembe ya udongo kama mtoto kwenye kanga ya mamake. Udongo ukibaki, inabaki. Udongo ukiondoka, inaondoka nao. Na hewa inapopanda joto kwa nyuzi moja tu, hubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7, kwa hiyo mvua ikidondoka hudondoka kwa kishindo, kwenye ardhi iliyolimwa juzi, isiyo na jani la kuifunika.

"Sasa niambie," akasema, bado amechuchumaa, "huo uliokuwa unauita uchafu."

Nilinyamaza. Tulikuwa tumesimama katika mfereji ambao mvua ile iliuchimba katikati ya shamba, na ulikuwa unaingia mpaka magotini.

Tukaufuata mfereji hadi mtoni. Sio si mto mkubwa. Kijana mwenye mkono mzuri anaweza kurusha jiwe likafika ng'ambo. Unatoka vilima vya Bungoma, unapita huku, na ukiteremka zaidi unafanywa mpaka wa Kenya na Uganda kabla ya kuingia ziwani Sio Port. Watoto walikuwa wanachota maji kwa mitungi ya plastiki, mama mmoja anafua, na juu kidogo vijana walikuwa wanafinyanga matofali kwa udongo wa ukingoni. Maji yalikuwa na rangi ninayoijua tangu utotoni.

Sheria ya Kenya inataka ukanda usiolimwa kando ya mto, mita 6 hadi 30. Hapa mahindi yalikuwa yamefika mdomoni kabisa. Mstari wa mwisho ulikuwa umeinamia maji na nusu ya mizizi yake iko hewani.

"Mistari hii minne ya nani?" nikauliza.

Mwalimu akatazama upande wa pili. "Yangu," akasema.

Nilijisikia vizuri mno. Nakiri.

* * *

Siku ya tatu tukateremka Sio Port kwa matatu, kisha kwa bodaboda. Niseme hapa kwamba neno lenyewe bodaboda lilizaliwa Busia. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda kulikuwa na kipande kirefu cha kutembea na mizigo, na vijana wenye baiskeli wakawa wanawaita wasafiri: boda, boda, mpaka hadi mpaka. Baiskeli zimekwenda, pikipiki zimekuja, na tangu 2018 kituo ni kimoja cha nchi zote mbili. Neno limezunguka Afrika nzima ya Mashariki na kupita. Kijana aliyenibeba hakuwa na habari hiyo, wala haikumsisimua nilipomweleza.

Kwa Wasamia wa ufukweni, kama kwa Waganda ng'ambo, neno nyanja halitofautishi ziwa na bahari. Nilipofika juu ya kijilima na kuuona upeo kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani, niliwaelewa. Maji mpaka mwisho wa macho. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Kenya inamiliki asilimia 6 tu, lakini kwa mtu aliyesimama Sio Port asilimia hizo 6 hazina mwisho. Pua ndiyo iliyonikumbusha kwamba siko kwetu. Hakukuwa na harufu ya chumvi. Kulikuwa na harufu ya kitu kama mboga zilizosahaulika chunguni.

Ufukweni maji yalikuwa ya kijani, mazito, kana kwamba mtu amemwaga rangi ya mlango. Mbele kidogo kulikuwa na shamba linaloelea: majani mapana yanayong'aa, na juu yake maua. Ya zambarau. Safari hii sikuyasifu.

Gugumaji asili yake ni Amerika Kusini. Katika ziwa hili lilionekana mwaka 1989, na kabla ya muongo kwisha lilikuwa limefunika karibu hekta 20,000. Meli zilishindwa kutia nanga, na mvuvi alikuwa akilala na ziwa mlangoni na kuamka na bustani. Waliletwa fukusi wanaolila huko huko kwao likapungua, nayo mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 yakasaidia. Lakini limerudi tena na tena, hasa baada ya mafuriko, kwa sababu mezani pake chakula hakikosekani.

Nikatoa mche wa kayongo niliokuwa nimeuhifadhi kwenye daftari nikaulinganisha na ua lililo majini. Rangi moja, kama vitambaa viwili vya jora moja. La shambani linaishi kwa sababu udongo una njaa. La majini linaishi kwa sababu maji yamevimbiwa. Na chakula kilichokosekana kule ndicho hiki kilichozidi hapa. Kimesafiri tu, kwa mto, bila nauli. Tangu siku ile nimeshindwa kuzungumzia uchafuzi wa maji bila kufikiria kisoda cha kukhu.

Mama mmoja alikuwa ameketi chini ya mwavuli na beseni la omena. Nilipomwambia nimetoka Malindi alinisogezea kigoda. "Kwa hivyo wewe ni mtu wa maji," akasema. Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizopewa katika safari hii.

Alinieleza biashara yake. Omena wapo, ila bei imekwenda juu. Ngege wa ziwani ni wachache, na wakipatikana wananunuliwa na wenye magari. Mbuta mkubwa hakai hapa, anakwenda kiwandani na kisha Ulaya. Nyuma yake palikuwa na katoni iliyolowa: ngege wa barafu kutoka China. Ufukweni mwa Ziwa Viktoria! Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba Malindi pia tuna hoteli zinazopika samaki wa kutoka mbali, na kicheko kikaniishia kooni.

"Maji yakikuwa kijani hivi, samaki wanaenda mbali," akasema. "Mafuta ya injini inakula faida yote. Na hiyo nyumba unaona pale ndani ya maji ilikuwa hoteli ya chai."

Nikatazama. Kuta nne, bila paa, na ndege mweupe juu ya moja. Mwezi wa tano 2020 ziwa lilipanda likavunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, na mwaka 2024 likaivunja hiyo pia. Budalang'i jirani, ambako mto Nzoia huingia ziwani, tuta lilipopasuka watu walihama na mifugo yao kama walivyokwisha kuhama mara nyingi. Kila mafuriko ya namna hiyo hurudi ziwani na shehena: udongo, samadi, vyoo.

Mwalimu akaniuliza kama kwetu upepo umekwisha kugeuka. Nikamwambia ndiyo, Juni ni kusi, ngalawa nyingi ziko juu mchangani. Akasema kusi hiyo hiyo ndiyo inayoliokoa ziwa. Nilidhani anatania. Hatanii. Ziwa hili limegawanyika kama sufuria ya mchuzi usiokorogwa: maji ya joto juu, ya baridi chini. Mwani ule wa kijani ukishiba fosforasi unazaana, unakufa, unazama, na kuoza kwake kunakula oksijeni yote ya chini. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini-mashariki hupoza maji ya juu na kuyakoroga na ya chini, na sakafu ya ziwa ikapata pumzi. Mwiko wa kukorogea, kumbe, unatoka kwetu. Lakini maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi na hayakubali kuchanganyika, na mwiko unapita bure. Kisha siku dhoruba inapoyapindua kwa ghafla, yale yasiyo na pumzi hupanda juu kwa pamoja. Mwanzoni mwa 2021 upande wa Uganda mbuta wakubwa walielea wamekufa kwa wingi, na serikali ya huko ikasema sababu ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba.

Mapema miaka ya 1930 waliopima ziwa hili waliweza kuona mpaka mita 5 chini. Mapema miaka ya 1990 ilikuwa mita 1 au pungufu. Nilitia mkono wangu majini. Ulipotelea kwenye kiwiko.

* * *

Malaba nilikwenda peke yangu, kwa ajili ya mto. Nilikuwa nimekwisha kujenga makala yangu kichwani: mito miwili ya mpakani, Sio na Malaba, inayobeba rutuba ya Busia na kuitupa ziwa moja. Ilikaa vizuri sana hiyo sentensi.

Foleni ya malori ilianza mbali kabla ya mji. Madereva walikuwa wamening'iniza nguo kwenye vioo, mmoja ananyolewa chini ya trela, mwingine anakula chapati iliyoviringishiwa mayai, ile ambayo Waganda huiita rolex na ambayo imevuka mpaka bila karatasi yoyote. Mto wenyewe, katikati ya kishindo hicho, ni mdogo wa kuaibisha. Nchi mbili na maelfu ya magurudumu, na chini yake maji yanayoweza kurukwa na mbuzi mwenye hasira.

Karibu na mto nilialikwa na wazee wa Kiteso waliokuwa wameketi kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, wanakunywa ajono. Mimi situmii; nikapewa kiti na soda na heshima ile ile. Nilipowaambia naandika kuhusu maji ya Malaba yanavyokwenda Ziwa Viktoria, mzee mmoja aliutoa mrija mdomoni, jambo ambalo niliona halifanyi ovyo.

"Hii haiendi huko," akasema. "Hii inatoka Elgon na inaenda Kyoga."

Na ni kweli. Malaba hugeukia magharibi, unaungana na Mpologoma, unaingia Ziwa Kyoga katikati ya Uganda. Sio unateremka kusini, unaingia Viktoria, na maji ya Viktoria yanatokea Jinja kama mto Naili, ambao nao hupita Kyoga. Mito hii miwili hupeana mgongo ndani ya kaunti moja, kama ndugu waliogombania shamba, kisha inakutanishwa mbali, nchi ya watu. Makala yangu iliharibika, na mzee akarudisha mrija wake.

Kutoka Kyoga Naili unakwenda Sudan Kusini, Sudan, Misri, mpaka Bahari ya Kati. Nilijipa usiku mmoja wa kufikiri kwamba udongo wa kukhu unafika Aleksandria. Haufiki. Tope hutua Viktoria, hutua Kyoga, hutua katika vinamasi vya Sudd. Na tope lililokuwa likiirutubisha Misri lilitoka hasa milima ya Uhabeshi. Hilo nalo lilizuiwa kwa Bwawa Kuu la Aswan, lililoanza kukinga maji mwaka 1964. Hapo bahari ikalia njaa: dagaa wa pwani ya Misri, waliokuwa wakivuliwa tani kama 18,000 mwaka 1962, walishuka chini ya tani 1,000 katika miaka michache. Baadaye uvuvi wa pwani hiyo ukapanda tena, na wanasayansi waliochunguza wakaona kwamba kinacholisha bahari sasa ni mbolea ya mashamba na maji ya vyoo vya miji ya Misri. Bahari, basi, haichukii rutuba. Babu yangu alijua hilo: siku zote alitega nyavu kwenye ukingo wa maji mekundu, pale yanapokutana na ya buluu, wala hakutega katikati yake. Kinachoangamiza ni kiasi, na kasi.

Kwetu kiasi hicho kimeandikwa. Katika hifadhi ya bahari ya Malindi watafiti walitoboa tumbawe lenye umri wa miaka kama 300 na kusoma tabaka zake, kama mtu anavyosoma pete za mti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kwa karibu karne mbili tumbawe lilionja udongo kidogo tu. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, nyanda za juu zilipoanza kulimwa kwa namna mpya chini ya wakoloni, udongo ukapanda, na haukurudi ulikokuwa. Tumbawe lile halikutaja jina la mkulima yeyote. Mimi ndiye niliyekuwa nikitaja majina, kila jioni, gatini.

Siku ya mwisho kukhu alinipeleka kwa jirani yake, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Mahindi yake yalikuwa ya kijani kibichi na marefu kunizidi. Katikati ya mistari kulikuwa na mmea unaotambaa, umeifunika ardhi kama mkeka, na kuzunguka shamba lote nyasi za nepia zilizosimama kama ua. Ni kilimo kinachoitwa vuta-sukuma, kilichobuniwa na watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE kule Mbita, ufukweni mwa ziwa hilo hilo, katika miaka ya 1990. Mmea unaotambaa ni desmodiamu. Mizizi yake huifanya mbegu ya kayongo iote bila kupata pa kujishika, ikafa. Huingiza nitrojeni udongoni. Harufu yake huwafukuza nondo wa funza wa mahindi, na nepia huwavuta pembeni. Ng'ombe hula vyote viwili. Watafiti walikuwa wanapambana na funza na gugu, na wakati huo huo wakafunika ardhi.

Nilitafuta ua la zambarau nikakuta mawili, kwenye kona. Nikauliza mvua ile ya askari ilimfanya nini. "Ilipita," akasema. Nikauliza kwa nini basi kila mtu hajapanda hivi. Akaniangalia kama mtoto. Mbegu za desmodiamu ni ghali, palizi ya mwaka wa kwanza inavunja mgongo, na mwenye kukodi shamba kwa msimu mmoja hapandi kitu cha miaka mitano. Kisha akaenda kukamua.

Niliagana na kukhu kwa mkono ule ule usioachilia. Halua aliipenda. Achari aliionja, akaifunika, na nadhani alimpa kuku. Mwalimu alinisindikiza hadi barabarani na, kabla sijauliza, akaapa kwamba ile mistari minne ya ukingoni ataing'oa mahindi yakishavunwa na kupanda nepia.

Nilimpigia simu mwishoni mwa Agosti. Mahindi yalikuwa yamevunwa. Nikamuuliza habari za nepia, akacheka kicheko cha mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. "Septemba," akasema, "mvua fupi zikianza." Ninyi mnaopita njia ya mtoni pale Mundika, mchungulieni kwa niaba yangu, nami nitashuka gatini kuitazama Sabaki bila kumtukana mtu.